Kokoro na Ukuta ni Kosa Moja

Katika mialo ya Ziwa Victoria imekuwa desturi kuona moshi wa nyavu. Makokoro, nyavu za timba na zana nyingine zilizokatazwa hukamatwa, hukusanywa mbele ya wananchi, kisha huteketezwa kwa moto. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, kazi hiyo ilifanywa kwa nguvu kubwa katika mikoa inayopakana na ziwa. Mtu yeyote anayelitakia ziwa mema hawezi kulililia kokoro. Lakini liko swali ambalo watumishi wa umma na walimu, ambao ndio macho ya Taifa wilayani na vijijini, hawana budi kujiuliza. Ikiwa kokoro linachomwa kwa sababu linaharibu mazalia ya samaki, je, ukuta wa mawe unaojengwa juu ya mazalia hayo hayo unastahili kutazamwa kwa jicho gani?

Swali hilo si la uchokozi. Ni swali la haki, na vile vile ni swali la elimu ya viumbe. Jibu lake ndilo litakaloamua kama ziwa litaendelea kuwa mali ya wote au litakuwa mali ya wale wanaofika kwanza na fedha mkononi.

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Sehemu ya Tanzania ni asilimia 51, ya Uganda asilimia 43 na ya Kenya asilimia 6. Kwa upana wa uso wake, hakuna ziwa la maji baridi linalolizidi duniani isipokuwa Superior la Amerika ya Kaskazini. Hata hivyo upana huo unadanganya macho. Kina chake cha wastani ni meta 40 hivi, na mahali penye kina kirefu kupita pote hapazidi sana meta 80, wakati Ziwa Tanganyika linashuka zaidi ya meta 1,400. Ziwa Victoria ni sinia, si kisima. Tena maji yake mengi huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe na hurudi angani kwa njia ya mvuke. Ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa mto Naili pale Jinja. Kwa hiyo udongo, maji machafu ya miji na mbolea za mashambani vikishaingia humo havina haraka ya kuondoka.

Wako watu wanaodhani kwamba ziwa kubwa kiasi hicho haliwezi kuumizwa na maamuzi ya maofisa wachache. Historia ya sangara inawakanusha.

FUNDISHO LA SANGARA

Mwanzoni mwa karne ya 20 wavuvi wa ziwa hilo walitegemea ngege, ningu, kambare, hongwe na furu. Nyavu za makila kutoka ng'ambo ziliingia mwaka 1905 hivi, na kabla ya miaka 25 kupita dalili za upungufu zilikwisha onekana. Uchunguzi ulioongozwa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928 ulishauri kwamba ngege asivuliwe kwa wavu wenye matundu yaliyo chini ya inchi 5. Ushauri huo ulifanywa kuwa kanuni, lakini baadaye kanuni ikalegezwa na hatimaye ikaachwa. Nyavu zikawa ndogo, na ngege akazidi kupungua.

Badala ya kurekebisha uvuvi, baadhi ya maofisa wa kikoloni waliona ni heri kubadilisha samaki. Ziwa lilikuwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba ambao wakubwa wale waliwahesabu kuwa takataka. Wazo likazuka kwamba aletwe samaki mkubwa awale furu hao, ili vitu vilivyodharauliwa vigeuke kuwa minofu yenye bei. Wazo hilo lilikuwa na mwenzake lisilotajwa mara kwa mara, nalo ni starehe. Sangara, ambaye huweza kufikia urefu wa karibu meta 2 na uzito wa kilo 200, alikwisha pata sifa miongoni mwa Wazungu waliokuwa wakivua kwa ndoana kwa ajili ya kujiburudisha huko Naili, chini ya maporomoko ya Murchison. Kumpata samaki huyo katika Ziwa Victoria kungekuwa burudani karibu na nyumbani.

Si kwamba maofisa hao hawakuonywa. Kituo cha utafiti wa samaki kilikuwa kimekwisha anzishwa Jinja mwaka 1947, na wako wataalamu waliosema wazi kwamba mnyama mla wenzake asiingizwe katika ziwa ambalo viumbe wake hawajazoea kumkwepa. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika makala mahsusi juu ya hatari hiyo. Lakini wakati wa mabishano, sangara alikuwa tayari majini. Aliingizwa kutoka upande wa Uganda katika miaka ya 1950 bila uamuzi wa pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine wakaongezwa kwa idhini rasmi. Katika mabishano hayo mvuvi wa mtumbwi hakuwa na kiti.

Kwa miaka 20 hivi lilionekana kuwa jambo dogo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, sangara akafumka katika ziwa zima. Furu, ambao hapo awali walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waliopimwa kwa nyavu za kukokotwa, wakatoweka karibu kabisa katika maji ya wazi. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zimekwisha. Katika Ghuba ya Mwanza furu walikwisha punguzwa pia na meli za uvuvi zilizowavua kwa ajili ya kusagwa kuwa chakula cha mifugo katika miaka ya 1970. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza furu, waliwaona samaki hao wakiisha mbele ya macho yao kabla hata ya kumaliza kuwapa majina.

Haki inataka isemwe vile vile kwamba sangara alileta mali. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma na Bukoba. Fedha za kigeni zikapatikana, na maelfu ya watu wakapata kazi ya kuvua, kubeba, kununua na kuuza. Hata mabondo, ambayo zamani yalitupwa, leo yana bei kubwa katika masoko ya China. Lakini faida ile haikugawanyika sawa. Wakati minofu ilipopanda ndege kwenda Ulaya, wananchi wengi wa kando ya ziwa walibaki na mapanki. Na mwaka 1999, wavuvi wachache walipojulikana kutumia sumu, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo, na hasara ikawaangukia wote, waliotumia sumu na wasioitumia.

Fundisho la sangara si kwamba burudani ni uovu, wala si kwamba biashara ni uovu. Fundisho ni kwamba mali ya wengi iliamuliwa na wachache, kwa haraka, kwa ajili ya faida iliyoonekana upande mmoja tu, na wakati wenye elimu walikuwa wakionya. Aliyeamua hakuwa ndiye aliyelipa.

UFUKWE NDIO MALEZI

Ni lazima sasa kuutazama ufukwe, maana hapo ndipo kosa la namna ile linapoweza kurudiwa.

Watu wengi huyaona mafunjo na matete ya kando ya ziwa kuwa pori linalongoja kufyekwa. Kwa hakika hapo ndipo penye malezi ya samaki. Sato dume huchimba kiota chake katika maji mafupi yenye mchanga au tope laini. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake mpaka watoto waweze kujitegemea. Watoto hao hukulia karibu na ufukwe. Hata sangara, ambaye anajulikana kama jitu la kilindini, utoto wake huupitisha katika maji mafupi. Mafunjo huchuja udongo na takataka zinazoletwa na vijito kabla hazijafika ziwani. Zaidi ya hayo, ndani ya mafunjo hewa ya oksijeni iliyomo majini ni haba. Sangara hawezi kuivumilia hali hiyo, lakini baadhi ya furu wanaiweza. Ndiyo sababu mafunjo, pamoja na miamba ya ufukweni, yamekuwa ngome ambamo sehemu ya furu waliosalia wamejificha. Na tangu sangara alipopunguzwa na uvuvi mkubwa, baadhi ya aina za furu zimeonekana tena katika maji ya wazi. Ziwa halijafa, lakini ngome zake zikibomolewa halitakuwa na mahali pa kuanzia upya.

Kwa mtu aliyeyafahamu hayo, ubaya wa kokoro hauhitaji hotuba. Kokoro hutandazwa kutoka ufukweni na kuvutwa kurudi ufukweni. Likipita hubomoa viota na kuzoa wazazi, watoto na vifaranga kwa pamoja. Uvuvi wa katuli, wa kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, huwafukuza wazazi katika viota. Timba hunasa kila kitu, na likipotea majini halifi, bali linaendelea kuua pasipo mwenyewe. Kanuni ya kwamba sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimeta 50 inamlinda asiyepata kuzaa. Na ile iliyokuwa ikikataza kumvua akizidi sentimeta 85 ilikusudiwa kumlinda jike mkubwa anayetaga mayai kwa mamilioni. Kanuni za namna hiyo zina busara, na anayezivunja anakula mbegu ya shamba.

Lakini ukuta nao ni nini? Kokoro likipita leo na lisirudi, mafunjo yatachipua na sato watachimba viota vingine. Mahali palipofyekwa, pakajazwa kifusi na mchanga, pakajengwa ukuta wa mawe ili wageni wapate kukaa jioni wakitazama jua linazama, hapana kiota kitakachochimbwa tena. Kokoro huharibu kwa msimu; ukuta huharibu kwa vizazi. Ikiwa mabomba ya maji machafu ya jengo hilo yanaelekea ziwani, basi ubaya unaongezeka. Maji machafu ni chakula cha mwani na cha magugumaji, yale ambayo katika miaka ya 1990 yalifunga bandari na mialo na kuwazuia wavuvi kutoka. Mwani ukifa na kuoza hula hewa iliyomo majini, na samaki wa maeneo ya chini hukosa pumzi.

SHERIA NI MSUMENO

Sheria haikunyamaza juu ya jambo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kibinadamu za kudumu au zile zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya mazingira. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinalinda mazalia. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata mtumbwi tu na kuuruka ukuta umeharibika meno, na hapana budi kutafuta ni nani aliyeyang'oa.

Kiwanja hakijipimi chenyewe. Palipo na jengo la kudumu ndani ya meta 60, ama mpimaji alipita, mgawaji akagawa na mtu mwenye muhuri akapiga muhuri, ama watumishi wanaopaswa kuona walipita bila kuona. Kwa hiyo anayeulizwa si tajiri peke yake. Katika halmashauri moja yuko ofisa uvuvi, yuko ofisa mazingira na yuko ofisa ardhi. Ikiwa wa kwanza anachoma nyavu kwa ajili ya mazalia, na wa tatu anayagawa mazalia hayo kuwa viwanja, mwananchi atasadiki nini? Atasadiki kwamba sheria ni fimbo ya kumpigia mnyonge. Akisha sadiki hivyo, hatatoa taarifa ya kokoro la jirani yake, na ofisa uvuvi atabaki na boti moja na anga zima la maji.

Wako watakaosema kwamba hoteli zinaleta ajira na watalii, na kwamba nchi maskini haiwezi kuchagua mafunjo badala ya fedha. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mtalii hasafiri kutoka mbali ili kutazama maji ya kijani yanayonuka. Kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kinaonyesha njia nyingine. Misitu na ufukwe wake vimeachwa, maji yanayokizunguka yanalindwa na ni mazalia ya samaki, na wageni wanaokwenda kuvua kwa ndoana humpima sangara na kumrudisha majini akiwa hai. Huko burudani na mazalia vinakaa pamoja kwa sababu burudani imekubali kuwa ya pili. Kisiwa cha Saanane, kilicho mbele ya jiji la Mwanza na kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kinamwezesha mkazi wa jijini na mwanafunzi kufika mahali pa asili kwa safari fupi ya boti. Hivyo haisemwi kwamba watu wasistarehe ziwani. Inasemwa kwamba starehe isile malezi ya samaki.

Tena wako watakaosema kwamba mvuvi ni maskini, kwa hiyo aachiwe kokoro lake ikiwa mwenye hoteli ameachiwa ukuta wake. Hilo ni kosa la pili la kutibu kosa la kwanza. Mara nyingi anayelivuta kokoro si mwenye kokoro. Katika mialo, mwenye mitumbwi na nyavu huitwa tajiri, na huenda anaishi mjini, mbali na baridi ya usiku na mawimbi. Vibarua wake hukamatwa, naye hununua nyavu nyingine. Kwa hiyo haki inadai kumfuata tajiri wa kokoro mpaka mlangoni kwake, kama inavyodai kumfuata tajiri wa ukuta. Na endapo tajiri huyo ni mtumishi wa umma anayemiliki mitumbwi katika wilaya anayoisimamia, au kiwanja katika ufukwe anaopaswa kuulinda, basi jambo hilo ni la uongozi kabla ya kuwa la samaki. Mtu hawezi kuwa mlinzi wa ghala na panya wa ghala hilo hilo.

KAZI ILIYOPO

Mambo yanayotakiwa kufanywa si makubwa kupita uwezo wa wilaya. La kwanza, mazalia yote yanayofahamika yachorwe katika ramani za halmashauri na kuwekewa alama, majini na nchi kavu, ili asiwepo wa kudai kwamba hakujua. Wazee wa uvuvi na vikundi vya usimamizi shirikishi, vinavyojulikana kwa jina la BMU, wanayajua mahali yalipo. Waulizwe, kama hawakuulizwa juu ya sangara. La pili, kiwanja chochote cha ufukweni kisipimwe wala kumilikishwa kabla ofisa uvuvi, ofisa mazingira na serikali ya kijiji hawajatia sahihi katika karatasi moja. Hivi ndivyo inavyofaa kufanywa pia kwa vizimba vya kufugia samaki, ambavyo vimeongezeka katika miaka ya karibuni. Vizimba ni neema vikiwekwa penye kina na mkondo, lakini vikibanwa katika ghuba tulivu, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki vinaweza kuyachafua maji ya jirani zake.

La tatu, njia za wananchi kufika majini zibaki wazi. Mtoto wa mvuvi, mfanyakazi wa kiwandani na karani wana haki ya kuketi kando ya ziwa siku ya Jumapili kama aliye na fedha za kulipa hotelini. Ufukwe ukizungushiwa kuta zote, walio wengi watalijua ziwa kwa harufu tu, na mtu hatetei asichokijua.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza. Mtoto wa kando ya ziwa huweza kumaliza shule akiyajua majina ya maziwa makubwa ya Amerika, lakini asijue kwa nini sangara wa sentimeta 40 hapaswi kuvuliwa, wala kwa nini konokono wa majini na kinyesi cha binadamu vinapokutana huleta kichocho kwa watoto wanaoogelea. Mwalimu aliye na rula na samaki mmoja wa sokoni anaweza kufundisha hesabu, sayansi na uraia katika kipindi kimoja. Mwanafunzi aliyekwisha ona mayai tumboni mwa sangara mkubwa hatashangaa kwa nini anastahili kulindwa. Akija kuwa mpimaji wa viwanja, mkono wake utasita kabla ya kuchora mstari juu ya mafunjo.

Wakoloni walioleta sangara hawakuishi kando ya ziwa kuona mwisho wa kazi yao. Watumishi wa leo hawana udhuru huo. Watoto wao wanasoma Mwanza, Musoma, Bukoba, Geita na Ukerewe. Wanayanywa maji hayo na kula dagaa hao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, ndivyo wasemavyo wahenga. Katika Ziwa Victoria ukuta wenyewe umekuwa ndio ufa, na kuuziba ni kazi ya mwenye muhuri, kabla haijawa ya mwenye kiberiti.